Maksi Nne Zilizopotea

Mwalimu hakuwa mtu wa kusema picha ni nzuri au mbaya. Yeye aliuliza imepata ngapi. Ukimwekea picha mbele yake, hata iwe kubwa kama mlango, hakuitazama. Aliinama kwenye kona ya chini, akainua miwani hadi kwenye paji la uso, akatafuta namba ndogo zilizoandikwa kwa penseli. Akikuta arobaini na nne kwa hamsini alinyooka, akashusha miwani, ndipo akaanza kuitazama picha yenyewe kwa heshima. Akikuta tisa kwa hamsini alisonya na kwenda zake, na picha hiyo hakuitaja tena.

Nieleze mapema hizo namba ni nini, maana nisipoeleza nitakuwa nawafanyia nyinyi yale niliyomfanyia yeye. Miaka hiyo nilikuwa fundi wa fremu katika duka la Mgoa mmoja mjini Nairobi, mwendo mfupi kutoka mahali pa mnada. Wazungu waliokuwa wakihama waliuza vyombo vyao hapo, na tajiri wangu alinunua picha kwa ajili ya fremu na vioo vyake. Kazi yangu ilikuwa kuzitoa picha ndani, kufuta kioo, kupaka fremu rangi mpya, kisha tuwauzie watu wa kutia picha za harusi, vyeti vya ubatizo, au picha ya Malkia. Zile picha za mwanzo zilianguka chini pamoja na takataka za mbao.

Nyingi zilikuwa zile za kisasa. Wakati huo mabibi wa Kizungu wa Hurlingham na kandokando ya barabara ya Ngong walikuwa wameshikwa na homa ya picha zisizo na kitu. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna mlima. Ni madoa, miraba na mistari iliyokimbia kutoka pembe moja hadi nyingine bila sababu. Zilichapwa Ulaya kutoka kwenye jiwe, na tajiri wangu alinieleza jinsi ilivyo siku nilipomuuliza.

"Jiwe moja, karatasi hamsini," alisema. "Hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, mpaka hamsini. Halafu jiwe nasafishwa, basi, hapana ingine dunia nzima. Hii namba hapana maksi, bwana. Hii ni ya ngapi tu."

Alisema hapana maksi kwa sababu alikuwa ameshamsikia Mwalimu.

Mwalimu aliingia dukani mara ya kwanza akiwa na cheti chake cha ualimu, anataka kioo. Alikuwa amehamishiwa shule moja ya Riruta, akapewa nyumba ya walimu yenye vyumba viwili, akakaa humo na mke wake na kuku sita. Nilimtambua kabla hajavua kofia. Alikuwa amenifundisha hesabu kwetu magharibi, na mimi ni mmoja wa watu ambao hesabu yake iliwafanya mafundi. Naye alinitambua pia, akacheka kwa furaha, akanishika mkono muda mrefu mbele ya tajiri wangu. Kisha akatazama chini, akaona karatasi imelala katika maranda, nyekundu na nyeusi, imekanyagwa kiatu. Akaiokota, akaipangusa kwa mkono wa koti, akasoma kona.

"Arobaini na sita kwa hamsini," akasema. "Nani ametupa kazi ya mtu aliyefaulu namna hii?"

Nilidhani anatania. Nilipoona anaikunja kwa uangalifu ndani ya gazeti, nikajua hatanii. Tajiri alimpa bure, na tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, Mwalimu alifunga baiskeli yake nje ya duka letu na kuuliza kama kuna waliofaulu.

Msimwone mjinga. Kwa mtu aliyekaa miaka ishirini akiandika namba juu ya namba kwenye kona ya karatasi, kwa penseli, ingekuwaje hiyo isiwe maksi? Aliamini kwamba huko Ulaya wachoraji wanafanya mtihani, kuna baraza la wasahihishaji, na karatasi zikishasahihishwa zinauzwa. Aliona ni utaratibu mzuri. Alisema laiti na huku kungekuwa na utaratibu kama huo, watu wasingenunua viti vibovu.

Na elimu yake ilikuwa na majibu kwa kila kitu. Kuna siku zilifika picha mbili zilizofanana kabisa, doa kwa doa, moja ina kumi na mbili kwa hamsini, nyingine arobaini na nne. Nikaziweka mezani, nikijisemea kwamba leo shauri limekwisha. Mwalimu alizitazama kwa zamu, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Huyu amenakili kwa mwenzake," akasema, akiigusa ile ya kumi na mbili. "Amenakili vizuri sana. Lakini msahihishaji si mtoto."

Nyingine ilikuwa na arobaini na sita kwa mia mbili. Aliirudisha mezani kwa ncha za vidole. Alisema mtu aliyepata hivyo hata mwavuli asiuziwe, seuze kuachiwa rangi.

Nyumbani kwake Riruta alizitundika zote kwa kufuata maksi, ya juu kabisa karibu na dari. Mke wake, mama mmoja mkimya aliyekuwa akisali katika chumba hichohicho na akina mama wenzake kila Alhamisi, alinilalamikia siku moja nilipopeleka kioo. Alisema wageni wanaketi wakitazama ukuta badala ya kufumba macho, na mmoja ameuliza kama ni picha za mapafu ya mtu anayeumwa.

"Mwambie aniachie hata ukuta mmoja wa kalenda," alisema. "Wewe ulikuwa mwanafunzi wake, labda atakusikia."

Sikumwambia. Ila siku hiyo nilikaa nikamtazama Mwalimu akifanya kazi aliyoipenda kuliko zote, nayo ni kutafuta maksi zilizopotea. Alivuta kiti mbele ya ile nyekundu na nyeusi, ile ya kwanza, ya arobaini na sita. Zilipotea nne. Alitaka kujua zilipotelea wapi. Alikaa pale baada ya ibada ya Jumapili hadi jua lilipoinama, mguu juu ya mguu, chai ikipoa.

"Moja nimeipata," aliniambia. "Tazama hii nyeusi. Inakuja vizuri, inakuja vizuri, halafu hapa inaogopa. Unaona ilivyoogopa? Hapo nami ningekata moja." Akasogeza kidole. "Ya pili nadhani ni hapa pembeni, nyekundu imebaki peke yake hakuna wa kuijibu. Hizo mbili nyingine bado. Huyu msahihishaji ni mkali, lakini ni wa haki."

Nikatazama, nikaiona ile nyeusi ikiogopa. Nasema kweli, niliiona. Nimezitoa picha mamia katika fremu, na hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiona. Iliniudhi sana kwamba aliyenionyesha ni yeye.

Huyu mtu aliyekuwa na subira ya kukaa saa nne akitafuta maksi nne za Mzungu asiyemjua ndiye yuleyule aliyesoma matokeo yetu kwa sauti kuanzia chini. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Alisimama mbele ya darasa na karatasi zetu, akaanza na wa mwisho, ili aliyefaulu aonje raha ya kungoja. Mwaka ule wa mtihani wa kuendelea, jina la kwanza lilikuwa langu. Saba kwa hamsini. Alitamka ile saba polepole, darasa likacheka, naye akangoja hadi walipomaliza. Baba yangu alikuwa ameshauza fahali kwa ajili ya shule niliyokuwa niendelee. Mwalimu hakuwa na chuki nami hata kidogo; nadhani jioni ile alikuwa ameshanisahau. Mwaka mzima mdomo wangu ulikuwa mchungu.

Na alivyotuvuta masikio kwa karatasi zenye madoa ya wino! Doa moja, kiboko kimoja. Sasa alilipia stempu ya posta kuulizia kama kuna madoa mengine yaliyobaki katika stoo ya mnada.

Basi mtaelewa kwa nini sikumwambia kwamba si maksi. Tajiri wangu alinisukuma mara mbili tatu. "Mbona hapana ambia mwalimu yako? Ni mwalimu yako, si yangu." Nikasema nitamwambia. Nilisema hivyo miaka miwili. Kila mwisho wa mwezi nilimchagulia zenye namba kubwa, nikamfungia vizuri kwenye gazeti, nikamwambia, "Leo wamefaulu sana, Mwalimu," naye akaondoka akiendesha baiskeli kwa mkono mmoja kuelekea Riruta. Nikarudi kukata pembe zangu. Fundi wa fremu hukata pembe kutwa nzima, na katika ule mtihani pembe ndizo zilizoniangusha. Nilijiona nimemzidi mahali fulani, na raha hiyo nilikuwa naila kidogokidogo.

Hurlingham kulikuwa na Memsahib aliyekuwa mkubwa wa chama cha wapenda picha. Yeye naye alikuwa na wazimu wake, ila wake ulikuwa na vitabu. Alitaka namba ndogo tu. Ya pili, ya tatu, ya tano. Alisema zinazotoka jiweni mwanzo zina uhai zaidi. Nilimfungia fremu nyingi, na siku moja kwa bahati mbaya nilimwonyesha ya thelathini na nane huku kidole changu kimefunika namba, akaisifu hadi akakaa. Nilipoondoa kidole, uhai ukatoka. Tofauti yake na Mwalimu ni kwamba mmoja alihesabu kwenda juu na mwingine kwenda chini, na mmoja wao alikuwa na gari.

Memsahib alisikia kutoka kwa tajiri wangu kwamba kuna Mwafrika wa Riruta mwenye picha thelathini na mbili ukutani. Yeye alikuwa nazo ishirini na tano. Alikuja dukani kutaka habari zaidi. "Huyu mwalimu naweza sema mbele ya watu? Anaweza fundisha sisi namna gani naona picha mzuri?" Tajiri akanitazama. Nikasema, "Anaweza, Memsahib."

Mwaliko ulipofika, Mwalimu alikuja dukani kuusoma mbele yangu, mara mbili. Atahutubia chama katika ukumbi wa mjini, juu ya kuthamini picha. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari mtu mweusi alihitaji karatasi ya ruhusa hata kusimama mahali pamoja muda mrefu, na hapa palikuwa na Wazungu wanaomwomba asimame mbele yao. Alileta hotuba yake ifanyiwe mazoezi kwangu, jioni baada ya kufunga. Alisimama kati ya marundo ya fremu tupu, akanihutubia. Alieleza maksi. Alieleza wanaonakili. Alieleza zile picha ambazo mahali pa namba zimeandikwa herufi E.A., kwamba hizo zimechapwa maalumu kwa ajili yetu, East Africa, na wasahihishaji wameacha nafasi ya maksi ili tujisahihishie wenyewe. Tajiri alikuwa ameniambia maana yake zamani: ni herufi za maneno ya Kifaransa, nakala za mchoraji mwenyewe, zilizo nje ya hesabu ya zile hamsini.

"Unaonaje?" akaniuliza alipomaliza. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Niambie kweli. Sitaki kwenda kuwaaibisha watu wetu."

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno dogo tu. Nikasema, "Ni nzuri sana, Mwalimu. Usibadilishe kitu."

Siku ya siku alivaa suti yake ya kufungia ndoa, na chini ya kwapa alibeba ile fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Wazungu walijaa viti vya mbele. Sisi wachache wengine, mimi, tajiri na watumishi wawili wa ukumbi, tulikuwa safu ya nyuma karibu na mlango. Alizungumza Kiingereza cha ubaoni, silabi moja moja, na kila silabi ilisimama mahali pake. Alipofika kwenye maksi, watu walitazamana. Alipofika kwa yule aliyenakili, bwana mmoja mnene alianza kutikisika mabega. Alipofika East Africa, ukumbi wote ulipasuka. Memsahib alijifuta machozi kwa kitambaa. Mwalimu alingoja wamalize, kama alivyokuwa akingoja siku zote. Alidhani wanafurahi kujua.

Bwana yule mnene alisimama. "Na mimi, Mwalimu, unanipa ngapi?"

"Wewe bado hujafanya mtihani," akajibu Mwalimu kwa adabu, na wakapiga makofi hadi vioo vya madirisha vikalia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuja kucheka, niliingojea siku hiyo kama mtoto anavyongoja sikukuu. Nilitazama ile fimbo ya ubaoni ikielekeza madoa mbele ya watu wanaotikisika, nikaona haya kuliko nilivyoona siku ya saba kwa hamsini.

Basi akawa mtu wa kualikwa. Jumamosi walimchukua kwa gari wakampeleka Hurlingham, wakampa chai na keki, wakamwonyesha kuta zao awape maksi. Walimtania naye hakujua ni utani. Lakini kulikuwa na wageni wengine, wapya kutoka Uingereza, ambao hakuna aliyewaeleza kwamba ni kichekesho. Hao waliamini. Waliingia mnadani wakiuliza namba kubwa, na dalali wa mnada, mtu asiyekataa riziki, akawa anapaza sauti, "Arobaini na tisa kwa hamsini, mabwana, imekosa moja tu." Kwa msimu mzima mjini Nairobi picha za arobaini kwenda juu ziligombewa, na Memsahib aliketi nyumbani na za kwake za pili na za tatu akikasirika. Nilifurahi hapo. Halafu ikapita, kama zinavyopita homa zote za watu wenye nafasi, wakaanza kukusanya vinyago, na hakuna gari lililokwenda tena Riruta.

Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa kirefu ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, mchana, tajiri amekwenda kula. Mwalimu alikuwa amestaafu na anarudi kwetu magharibi kabisa. Amekonda, kofia imekuwa kubwa. Alifungua gazeti akatoa picha ambayo sikuwahi kuiona. Ilikuwa ya samawati tupu, na chini kabisa kijistari kimoja cha kahawia kimelala. Alikuwa ameinunua mnadani mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Nataka kadibodi ya kuzungushia, na huku chini iwe pana," akasema. "Ifunike kona hii. Mgeni asione."

Nikatazama kona. Tatu kwa hamsini.

"Nimekaa nayo miaka minne nyuma ya kabati," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeungama. "Hata mke wangu hajui. Usiku nikikosa usingizi naitoa naitazama. Ninaipenda. Nimetafuta kosa lake la maksi arobaini na saba, sijaliona. Mtu aliyepata tatu kwa kazi kama hii, ningekuwa mimi ningemwita tena nimsahihishe upya."

Nikashindwa kuvumilia. Nikaweka kadibodi chini.

"Mwalimu, hiyo si maksi."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa, jiwe moja, karatasi hamsini. Hii ni ya tatu kutoka jiweni, basi. Alinisikiliza bila kunikatiza, ameshika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo ya tatu na ya arobaini na sita ni sawasawa."

"Ni sawasawa, Mwalimu."

"Nani anajua habari hii?"

"Wote."

Akavua miwani. "Hata siku ile ukumbini?"

"Hata siku ile."

"Walikuwa wananicheka."

"Walikuwa wanacheka, Mwalimu."

Alifikiri, na nilijua swali linalokuja, na sikuwa na mahali pa kwenda. "Na wewe, ulijua lini?"

"Kabla," nikasema. "Ulipokuja kunisomea hotuba nilikuwa najua miaka miwili."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuwa tayari kumtajia ile saba, fahali wa baba, darasa lililocheka, yote. Hakutukana. Alifuta miwani kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Nilipoona wanacheka sana niliingiwa na wasiwasi," akasema. "Nikatafuta uso wako kule nyuma. Nikaona wewe hucheki. Nikajisemea, yule wangu anasikiliza, basi mambo ni sawa. Nikaendelea."

Ile saba ikanikauka mdomoni. Nikasema nisamehe, Mwalimu, lakini kwa sauti ndogo sana, na sijui kama alisikia. Akaisogeza ile picha ya samawati kwangu.

"Kata kadibodi nyembamba, basi. Namba ionekane."

Nikachukua rula, nikapima nikakosea. Nikapima tena nikakosea. Mara ya tatu macho hayakuona mistari. Mwalimu alizunguka meza akaja upande wangu, akaichukua rula mkononi mwangu, akainama juu ya kadibodi, na kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na mwingine dukani wa kumsikia, akanionyesha pale ninapokosea.